Tuzo za "Broka Bora wa Mwaka": nani anapiga kura, nani analipa, na ile nembo inamaanisha nini

Kuna imeili nilitumiwa na broka ninayemtumia (yaani dalali anayeninunulia na kuniuzia hisa), kichwa chake "Tunakuhitaji!" Kuifungua, kumbe wametajwa kuwania tuzo kwenye kipengele cha huduma bora kwa wawekezaji binafsi, wanaomba sisi wateja tuingie kwenye linki tuwapigie kura, dakika mbili tu, na ukimaliza jina lako linaingia kwenye droo ya tableti. Sina ugomvi na hiyo imeili, ila ilinifanya nijiulize kitu ambacho sikuwahi kujiuliza: hizi tuzo ambazo kila broka, kila kampuni ya mifuko ya uwekezaji na kila aplikesheni ya kununua hisa imezipanga chini ya tovuti yake kama nishani za jenerali mstaafu, zinatolewaje hasa? Nani kaamua? Na zinakuambia nini kuhusu hela yako wewe?

Kwanza tuwekane sawa. Mwekezaji binafsi ni mtu anayeweka hela yake mwenyewe kwenye hisa, hatifungani au mifuko, tofauti na benki au mfuko wa pensheni wenye wachambuzi wamejaa ghorofa nzima. Wanaomhudumia ni wengi: madalali wa hisa, majukwaa ya mtandaoni, kampuni zinazoendesha mifuko ya pamoja (hela za watu wengi zinawekezwa kwa mkupuo), washauri wa fedha, mpaka wauza data na chati. Na wote hao bidhaa zao zina shida moja, huwezi kuzijaribu kabla. Kiatu kibovu utakijua wiki ya pili, lakini mfuko uliouchagua kwa ajili ya uzee utaujua ukishazeeka. Broka mbovu unaweza kukaa naye miaka mitano unamsifia kwa kila mtu, mpaka siku soko linaanguka unataka kuuza halafu aplikesheni inazunguka tu haifunguki. Kwahiyo mtu anatafuta dalili yoyote ya kumtuliza roho, na hapo ndo nembo ya tuzo inapofanya kazi yake.

Sasa, neno "tuzo" ni moja lakini nyuma yake kuna vitu ambavyo havifanani kabisa.

Kuna tuzo za kura, kama hiyo ya kwangu. Zinaonekana za haki kuliko zote maana wateja wenyewe ndo wanaamua, ila piga hesabu kidogo. Tuseme broka mmoja ana wateja milioni moja, kati yao asilimia 1 tu ndo wamejisumbua kupiga kura, hizo ni kura 10,000. Mwenzake ana wateja 20,000 wanaompenda kufa, nusu nzima wakajitokeza. Kura 10,000. Wametoka sare! Yaani mapenzi ya nusu ya wateja wote yamelingana na uvivu wa asilimia 99. Hapo hatujaongelea droo ya tableti, wala ukweli kwamba waliokasirika walishahama zamani na hawapo kwenye orodha ya wanaotumiwa imeili.

Waandaaji makini hilo wanalijua, kwahiyo badala ya kuhesabu kura wanawahoji wateja wa kila kampuni, wanawaomba watoe alama, wanachukua wastani. J.D. Power ya Marekani, ambayo ipo tangu 1968 na wengi wanaijua kwa magari, inafanya hivyo pia kwa wawekezaji wanaojinunulia hisa wenyewe. Hapo ukubwa wa kampuni haukubebi. Bado kuna kasoro moja ambayo sijaona dawa yake, nayo ni kwamba kinachopimwa ni kuridhika, na soko likiwa linapanda kila mtu anampenda broka wake.

Halafu kuna tuzo za majaji. Hizi kampuni inajaza fomu, inajiandikia insha ya kujisifu yenye grafu na nukuu za wateja waliofurahi, inatuma, jopo linakaa linasoma. Cha kushika hapa ni kwamba asiyejaza fomu hayupo. Ukisikia "jukwaa bora la mwaka" maana yake halisi ni jukwaa bora kati ya yaliyoomba, na kuna kampuni nzuri tu ambazo bosi wake haoni sababu ya kumtoa mtu kazini wiki mbili akaandike insha. Na majaji ni akina nani? Waandishi wa habari za fedha, washauri, watu waliowahi kufanya kazi kwenye sekta hiyohiyo. Mimi siamini kwamba wananunuliwa, naamini wengi ni watu waungwana kabisa wanaosoma kwa umakini, ila huwezi kujua kwa kusoma insha kwamba ukipiga simu saa nne asubuhi siku soko limechafuka utasubiri dakika 40 ukisikiliza muziki.

Ndo maana binafsi nazipenda zaidi zile za kupima kwa mkono, ambapo mtu anafungua akaunti ya kweli na kila broka, anaweka hela, ananunua, anauza, anajaribu kuhamisha, anapiga simu anasoma saa. Ni chache, maana ni kazi na ina gharama.

Aina nyingine ni za namba tupu, na hizi tukae nazo kidogo kwa sababu zinaaminiwa sana na zinaeleweka kidogo. Tuzo za mifuko za Lipper, watu wa takwimu za mifuko ambao siku hizi wapo chini ya LSEG, kampuni ya Soko la Hisa la London, hazina insha wala kura: wanachukua data ya miaka 3, 5 na 10, wanaangalia mfuko gani umetoa faida kwa uthabiti kuliko wenzake wa aina moja, basi. Nyota za Morningstar nazo, kampuni ya Marekani ya utafiti wa uwekezaji, zilizoanza 1985, ni hesabu. Watu wengi wanadhani nyota tano za mfuko ni kama za hoteli, kwamba kuna mtu kaenda kukagua vyumba. Hapana. Wanachukua mifuko ya kundi moja yenye angalau miaka 3, wanaangalia faida baada ya kuzingatia gharama na hatari iliyobebwa, wanaipanga foleni, asilimia 10 ya mbele inapewa nyota tano, 22.5 inayofuata nne, 35 ya katikati tatu, 22.5 mbili, na 10 ya mkiani moja. Ukilitafakari hilo utaona kitu cha ajabu: hata kipindi ambacho kundi zima limepoteza hela, bado asilimia 10 watakuwa na nyota tano. Mtumbwi umezama na wewe unapewa zawadi kwa sababu umelowa kidogo kuliko wenzako.

Na je aliyeshinda jana anashinda kesho? Mwaka 2017 gazeti la Wall Street Journal lilipitia maelfu ya mifuko kurudi nyuma mpaka 2003, likakuta kwamba kati ya iliyokuwa na nyota tano, ni asilimia 12 tu iliyofanya vizuri miaka mitano iliyofuata kiasi cha kustahili tena nyota tano kwa kipindi hicho, na asilimia 10 ilianguka mpaka nyota moja. Soma tena hizo namba mbili, zinakaribiana! Morningstar wenyewe msimamo wao ni kwamba nyota ni mahali pa kuanzia uchunguzi na sio utabiri, na kusema kweli wako sahihi, ila nani aliyewahi kuona tangazo la mfuko limeandika hivyo kwa herufi kubwa?

Kuna na ujanja wa wingi ambao hausemwi. Kampuni yenye mifuko 80 ni vigumu sana isiwe hata na mmoja uliopata bahati miaka mitatu mfululizo, na huo mmoja ndo utauona kwenye bango. Ile iliyofanya vibaya inaunganishwa kimyakimya na mingine, inafutika kwenye historia. Kampuni yenye mifuko mitatu haina anasa hiyo.

Mwisho kabisa kuna tuzo za kununua, na hapa lazima nisimulie ya mbwa. Allan Roth, mshauri wa fedha wa Marekani ambaye pia ni mwandishi, alishachoka na barua za kumwambia kachaguliwa kuwa miongoni mwa washauri bora. Akaamua kumwombea mbwa wake, Max. Max akakubaliwa. Kwa malipo ya chini ya dola 200 ikaja plaki ya kutundika ukutani, imeandikwa jina la mbwa na kwamba ni mmoja wa washauri bora wa fedha Amerika kwa 2009. Hakuna aliyeuliza kama Max ana leseni. Ndo ujue kwamba plaki ile ile yenye mbao nzuri na maandishi ya dhahabu inaweza kuwa kazi ya miezi sita ya wapimaji, au inaweza kuwa ya Max, na ukiwa umesimama mapokezi huwezi kuzitofautisha.

Haya, hela. Tuzo nyingi za sekta hii zinaendeshwa na magazeti, majarida na kampuni za matukio, na kwao ni biashara ya kawaida. Hela inaingia kwa milango kadhaa: baadhi wanatoza ada ya kushiriki, karibu wote wanauza meza za usiku wa tuzo (kampuni ikitajwa tu kuwania, fikiria kama meneja masoko atakubali kukosa kwenda), kuna udhamini wa kila kipengele, na kuna ule mlango ambao watu wa nje hawaujui, yaani leseni ya nembo. Kushinda unaweza ukashinda bure kabisa, lakini ukitaka kuiweka ile beji kwenye tangazo lako unalipia. J.D. Power wanafanya biashara hiyo, Morningstar na Lipper nao wana leseni za kulipia kwa wanaotaka kutangaza kwa alama zao. Sio kosa, data inagharimu na mtu hali upepo. Ila inakusaidia kuelewa kwa nini vipengele huwa vinazaana. Ilikuwa "broka bora", ikawa broka bora kwa wanaoanza, broka bora kwa wazoefu, bora kwa ada nafuu, bora kwa hisa za nje, bora kwa pensheni, bora kwenye simu. Tuseme vipengele 25, kila kimoja kina mshindi, wa pili na wa kupongezwa, hizo ni nafasi 75, kwenye soko ambalo labda lina kampuni 40 za maana. Kutoka mikono mitupu inakuwa ndo kazi ngumu.

Lakini hata tukisahau hela, hata tuchukue tuzo safi kabisa iliyotolewa na watu safi, bado kuna mtego, na kwangu huu ndo mkubwa: tuzo inajibu swali ililouliza yenyewe, wala haikujui wewe. Mwaka 2015 aplikesheni ya Robinhood ilipata tuzo ya ubunifu ya Apple. Ilistahili, ilikuwa nzuri, nyepesi, kununua hisa ikawa kama kutuma meseji. Tarehe 2 Machi 2020 soko la Marekani likapanda zaidi ya asilimia 4 kwa siku moja, na Robinhood ikazima, wateja wamekaa nje wanachungulia. Juni 2021 FINRA, chombo kinachosimamia mabroka kule, ikawatwanga adhabu ya karibu dola milioni 70, faini na fidia pamoja, kwa mambo mengi ikiwemo huko kuzimika na taarifa za kupotosha walizowapa wateja. Je Apple walikosea 2015? Hapana. Wao waliulizwa aplikesheni ipi imebuniwa vizuri. Hakuna aliyewauliza mitambo itahimili siku ya vurugu.

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, haikuwa broka ila siwezi kuipita. Jarida la Fortune liliitaja kampuni bunifu kuliko zote Marekani miaka sita mfululizo, 1996 mpaka 2001, na Desemba 2001 ikafilisika. Mkuu wake wa fedha, Andrew Fastow, alikuwa amepewa tuzo na jarida la wakuu wa fedha mwaka 1999, na alipewa kwa nini? Kwa ustadi wa kupanga mtaji na madeni ya kampuni. Kwenye madeni hayohayo ndo kulikuwa na uozo, na baadaye akafungwa.

Ukitaka kuona huu mgongano kwa macho yako nenda kwenye tovuti ya broka yeyote wa CFD anayeruhusiwa Ulaya. CFD ni ile mikataba ya kubashiri bei inapanda au inashuka bila kumiliki kitu chenyewe, mara nyingi kwa nguvu ya mkopo wa broka. Juu utakuta vikombe vimepangwa, broka bora, jukwaa bora, elimu bora kwa wateja. Ukishuka kidogo, au wakati mwingine palepale, kuna mstari ambao tangu Agosti 2018 wamelazimishwa, kwanza na ESMA, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, kisha na wasimamizi wa kila nchi, kuuandika: asilimia fulani ya akaunti za wawekezaji wadogo zinapoteza hela kwa broka huyu. Wasimamizi walipokusanya takwimu kabla ya hiyo sheria walipata kati ya asilimia 74 na 89. Vyote viwili ni kweli. Ni broka bora, na wateja wake wengi wanapigwa. Mimi nikiwa na dakika moja tu ya kusoma ukurasa ule, nasoma huo mstari.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Marekani tangu 1961 washauri wa uwekezaji walikuwa wamekatazwa kabisa kutumia sifa za wateja kwenye matangazo, mpaka SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji kule, ilipobadilisha kanuni Desemba 2020, na kuanzia Novemba 2022 kila mshauri aliyesajiliwa huko lazima aifuate. Sasa ukitangaza alama au tuzo uliyopewa na mtu wa nje lazima useme nani katoa, lini, inahusu kipindi gani, na kama ulilipa chochote kuipata au kuitumia. Pia uwe na sababu ya msingi ya kuamini kwamba dodoso lililotumika lilimrahisishia mtu kusema mabaya sawasawa na kusema mazuri. Septemba 2024 SEC iliwaadhibu washauri tisa kwa mpigo, na baadhi kosa lao lilikuwa dogo hivyo hivyo, kutangaza alama bila tarehe. Uingereza wana kanuni yao ya jumla, matangazo yawe wazi, ya haki na yasiyopotosha, na tangu Julai 2023 wameongeza wajibu wa kampuni kuhakikisha mteja anapata matokeo mazuri.

Kwahiyo yale maandishi madogo ya kijivu chini ya nembo, ambayo kwenye simu inabidi uvute kwa vidole viwili, ndo yenye habari. Kuna moja niliyoivuta nikakuta mwaka ulikuwa umepita siku nyingi, kipengele kilikuwa cha nchi ambayo siishi na bidhaa yenyewe siitumii. Nembo bado inang'aa juu pale.

Na kuna mambo ambayo sijaona kikombe chake, labda kwa sababu hayapendezi jukwaani. Kama broka ana leseni na kwa nani, hiyo unaiangalia kwenye rejista ya msimamizi mwenyewe, sio kwenye tovuti ya broka. Kama hela na hisa zako zimetengwa na za kampuni. Nini kinatokea akifilisika: Marekani SIPC, shirika la kulinda wateja wa mabroka, inafidia mpaka dola 500,000, humo taslimu isizidi 250,000, Uingereza FSCS, mfuko wao wa fidia, inafidia uwekezaji mpaka pauni 85,000, na kote huko hawafidii hisa zako kushuka bei. Ada ya kubadilisha sarafu ukinunua hisa za nje, ambayo kwa broka wa "kamisheni sifuri" mara nyingi ndo anapokulia. Ada ya kuhamisha ukitaka kuondoka. Nionyesheni tuzo ya "rahisi kuondoka kwake" nami nitanunua meza nzima.

Sisemi tuzo ni takataka. Kampuni ndogo isiyo na hela ya matangazo ikishinda utafiti wa kweli wa wateja, hiyo ni habari na mimi ningeifungulia tovuti. Na broka anayeshinda huduma kwa wateja miaka mitano kwenye utafiti uleule, swali lilelile, sampuli kubwa, huyo kuna kitu anafanya. Mfululizo kwenye kipimo kimoja una uzito kuliko vikombe kumi vya mashindano kumi.

Ile imeili? Niliijibu. Nikawapigia kura, maana wiki ile nilikuwa nimewapigia simu na dada mmoja akapokea mlio wa pili akanimalizia shida yangu palepale, na nikaweka tiki kwenye kisanduku cha droo. Wao walishinda. Tableti hadi leo sijaiona.